Nimekata Kivuli cha Mteja

Shoga, uko?

Nimekata kivuli cha mtu. Kwa mkasi. Sijachanganyikiwa, soma tena.

Jana yule mwalimu wa hesabu alileta suruali ipunguzwe. Akasimama dirishani, kivuli cha kichwa chake kikaangukia mezani, juu ya bitana nyeusi ya gauni la nesi. Mimi nikakata tu. Unanijua nikishashika mkasi!

Leo karudi. Kasimama juani mlangoni, kivuli kinaishia shingoni. SHINGONI, shoga!

Nikamwita shangazi, si unajua duka ni lake. Akatazama chini, akatazama juu, akasema, "Ni hiyo taa." Saa nne asubuhi, taa imezimwa! Fundi viatu wa jirani akasema ni dalili. Dalili ya nini? "Sijui, ila ni dalili."

Mwalimu hata hakutaka maelezo. Sauti ya chini kabisa: "Dada, leo nimeshindwa saba mara nane mbele ya darasa zima. Nirudishie kichwa changu."

Nikampigia nesi, aliyelichukua gauni jana jioni, alirudishe. Kakataa katakata! Eti tangu alivae anapiga hesabu za dozi bila karatasi, na kesho anawaleta dada zake watatu washonewe kama hilo.

Mwalimu bado kakaa hapa kwenye benchi, anahesabu vidole vyake.

Na shangazi, yule yule wa taa, ameshaitoa meza nje juani. Ananiuliza, "Hivi yule rafiki yako mwanasheria hutoka kazini saa ngapi?"

Shoga, mwanasheria wangu, leo zunguka njia nyingine.