Mama Yangu na Kamera Ndogo

Mpendwa Mireille,

Nakusalimu kutoka hapa Ruashi. Shangazi yako amejifungua mvulana, wote wazima. Mimi nachoka hata kwa kushika kalamu, kwa hiyo swali lako la kamera ipi ununue nalijibu kwa kifupi: nunua ndogo.

Ujanani nilipiga picha za arusi na ubatizo kwa kamera kubwa. Kila nilipomwelekezea mama yangu, aliingia ndani kubadilisha kitenge, kisha akaketi mikono magotini, amenuna kama yuko mbele ya hakimu. Siku moja niliazima kamera ndogo ya jirani, nikamkuta jikoni anasonga unga wa bukari.

“Ile njo kamera, mutoto yangu? Iko sawa kiberiti,” akanicheka. “Piga basi, tuone.”

Nikapiga kabla hajamaliza kucheka.

Sijamwambia mtu, lakini ile picha kubwa ya mama, ya sebuleni, mnayoisifu wote, mimi siitazami. Mwanamke yule simjui. Hii ya bukari naiweka chini ya mto wangu.

Kamera kubwa hutoa picha safi zaidi, sikatai, ila utaichoka na kuiacha nyumbani. Njoo na ndogo wakati wa Pasaka, nikiwa bado nipo. Usinisubiri nivae koti.

Babu yako