Nta ya Chekechea ya Zizini

Machochwe, Serengeti

Baba, shikamoo. Mama naye umpe shikamoo yake.

Nisamehe kwa kukaa kimya tangu wakati wa kulima hadi sasa mahindi yanabeba. Kila nikishika kalamu mtoto analia, au maji yamekwisha, au usingizi unanichukua nimekaa hivi hivi. Sisi wazima. Huyu mdogo ameota meno mawili, ananing'ata. Mume wangu bado yuko machimboni upande wa Genkuru, anakuja akipata nafasi. Kifua chako je? Na mguu wa mama umepoa?

Kaka alinipigia akasema umeagiza mjukuu wako Neema arudishwe huko kwetu Sikonge aanze shule huko, kwa kuwa huku tunaishi na wanyama. Nimesikia, Baba, na najua ni mapenzi. Lakini Neema harudi. Shule anayo.

Jirani yetu ni mjane, tunamwita Mama Bhoke. Ng'ombe wake waliibiwa wote, zizi lake la mawe likabaki tupu. Wakati huo akina mama tulikuwa tunalima huku watoto tumewalaza kwenye matuta, na fisi wanapita karibu. Akatuita akasema, "Hili zizi siwezi kuliangalia hivi. Leteni watoto, angalau nisikie kelele." Tukazoa samadi, tukaezeka nyasi upande mmoja, na mkwewe aliyemaliza kidato cha nne akaanza kufundisha. Ndiyo chekechea yetu. Ukikaa mlangoni unaona bonde lote mpaka hifadhini. Nyumbu wakipita, watoto wanaacha kuimba, wanatazama, halafu wanaendelea pale walipoishia.

Neema alifika hajui Kikurya hata salamu, akawa ananing'ang'ania sketi. Siku hizi anawagombeza wenzake kwa Kikurya, mimi mama yake ndiye simwelewi. Na uji wanakunywa wa mavuno yaliyopita, na sasa pale palipolala ng'ombe mahindi na maboga yamestawi ajabu.

Hayo maboga ndiyo yaliyomleta tembo. Alikuja alfajiri, watoto hawajafika, namshukuru Mungu. Wanaume wakazungushia miiba kama wanavyomzuia fisi asiguse ndama. Tembo akarudi, akaipita kama anakanyaga mabua, akaangusha na ukuta. Kikao kikaitwa, wengi wakataka tufunge. Nikasimama na mtoto mgongoni, nikasema baba yangu ni mfuga nyuki, naye alinifundisha kwamba tembo akisikia nyuki anageuza njia.

Baba mmoja, Marwa, akacheka. "Mke wa mchimbaji, sisi hapa tunafuga ng'ombe. Nyuki utamkamua wapi?"

Mama Bhoke akamjibu kwa lile neno lao la kumwita kijana, "Mura, na miiba yako tembo aliiona?"

Watu walicheka mpaka Marwa mwenyewe akacheka, na kesho yake ndiye aliyetangulia kufika na shoka. Walichonga mizinga ya magogo, tukaitundika kwa waya upande wa hifadhi, mbali na watoto.

Ila nyuki hawajaingia. Wanakuja, wanazunguka, wanaondoka. Magogo ni mapya, hayana harufu ya nyuki, na huku sijapata mwenye nta ya kupaka ndani. Wazazi wamesema tembo akiingia tena watoto wanabaki nyumbani, na atakuja mahindi yakikomaa. Ikifika hapo, Baba, nitamleta Neema mimi mwenyewe, sitabisha. Lakini si kabla.

Nimechoka, sikufichi, ila nimepata watu. Nilipojifungua huyu mdogo, akina mama hawa walipalilia shamba langu kabla ya mashamba yao. Sina cha kuwalipa zaidi ya hii akili uliyonipa wewe.

Msalimie shangazi aliyenilea, mdogo wangu wa mwisho, na jirani yetu fundi baiskeli. Barua anakuletea Masanja, kijana wa huko huko kwetu anayechimba na mume wangu. Hatakaa sana, mpe mzigo arudi nao.

Ni mimi binti yako, Kalunde.

Ninavyohitaji: kitenge kimoja cha mama kilichokwisha lainika, cha kumbebea mtoto. Karanga za mbegu, kibaba kimoja. Dawa ya kifua ile ya mizizi anayochemsha shangazi. Nta ya mzinga wa zamani, ile nyeusi yenye harufu kali, ukubwa wa ngumi mbili, ngumi zako si zangu. Mzigo ukiwa mzito, toa karanga, nta ibaki.