Ukuta Usiofika Paani

Mjukuu wangu Neema,

Huku Malangali bibi yako mzima, mimi miguu tu imegoma. Unauliza kama uhame ghorofa kwa kuwa unamsikia jirani kila neno. Usihame bado.

Enzi za Mwingereza, nikiwa karani kijana, nilipanga chumba ambacho ukuta wake haukufika paani. Nilimpenda binti wa chumba cha pili, lakini niliogopa kutuma mshenga. Jioni moja nikamsikia akimwambia shangazi yake, "Yule karani akileta mshenga, nakubali!"

"Mbona unapaza sauti? Mimi kiziwi?"

Kesho yake nikamtuma mshenga. Watu walisifu ujasiri wangu, nami nikaficha kwamba nilikuwa nimesikia.

Juzi, nisije nikafa na siri hiyo, nikamwungamia bibi yako. Akacheka: "Ulidhani nilikuwa naongea na shangazi?"

Nimepumua, mjukuu wangu.

Babu yako