Anzia kwa Mama, Goma Baadaye

Munigi, karibu na Goma
Tarehe 8 Juni 2025

Mpendwa yaya Josias, kaka yangu mukubwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu. Habari ya Ufaransa, habari ya kazi? Bibi yako Élodie na watoto wanaamkaje? Na ule mugongo uliokuwa unakusumbua, umekuachia? Huku bwana yangu Henri ni muzima. Mutoto ameanza kutembea, ananikimbiza siku nzima. Nakuandikia mikono ikinuka sabuni.

Yaya, nimesikia mipango ya kongé yako, likizo ya mwezi wa nane: hoteli ya Himbi hapa Goma, jeep ya kukodi, kisha Butembo kwa mama "kama pesa itabaki." Haitabaki. Mara iliyopita binamu yetu Honoré alikuja kukupokea mpakani na watu wa minibasi mbili. Ukalipa minibasi, ukalipa vinywaji, ukalipa mpaka matanga ya mutu usiyemujua. Ukarudi Ulaya bila kufika kwa mama.

Safari hii mama hana muda wa kungoja. Ule uvimbe wa tumbo umekua. Daktari wa Butembo anataka kumupasua, yeye anakataa: "Siingii kwenye kisu bila kuweka mukono juu ya kichwa cha mutoto wangu." Unamujua. Nimelia kwa simu, padri amemusemesha, bure.

Basi nisikilize. Usishukie Kigali uje Goma kwanza. Shukia Entebbe, panda basi mpaka Kasindi mpakani, kutoka hapo uende Butembo. Kutoka huku Goma kwenda Butembo leo ndege hakuna, na barabara imefungwa na vita. Ungelazimika kuzungukia Uganda na kulipa njia mara mbili. Hoteli acha, lala kwa mama, kitanda chako kingalipo. Beba dola safi, maana yenye kitobo hata cha sindano hawapokei. Njiani kula ndizi. Lakini ukifika Kasindi jioni, lipa kitanda ulale. Ile barabara si ya giza. Hapo usitafute bei rahisi.

Na usitangaze! Honoré ameshaanza kupita nyumba kwa nyumba: "Mukubwa anaingia! Mutayarishe matumbo!" Nilipomukemea akanicheka:

"Kaswera, weye ni polisi wa mufuko wa watu?"

"Ndiyo, na weye nimeshakufunga."

Kisha nikamwambia wakubwa wako wa kazi wamekunyima kongé, hauji tena. Akaenda zake. Nimedanganya, yaya, nitaungama Jumapili ijayo. Usinifanye nidanganye bure.

Pesa ikiishia Butembo, usijilazimishe kufika huku. Natamani umubebe mutoto wangu, lakini yeye atangoja. Mama hawezi. Na ukinipigia simu kusema uko Himbi, nakuapia, sitakuja kukuona.

Musalimie sana Élodie, na uwabusu watoto kwa niaba yangu. Henri naye anakusalimu. Mungu akufungulie njia, akufikishe chini ya mukono wa mama angali na nguvu ya kuuinua.

Ni miye dada yako mudogo akupendaye,
Kaswera