Salamu za Mama kwenye Lifti

Shoga, nimefanya jambo la aibu. Sijui hata pa kuficha uso.

Si unajua mama yuko kwangu huku ughaibuni? Kila tukiingia kwenye lifti anasalimia watu wote. Jana nikamfokea mbele yao, "Mama, hili jiji kubwa, huku watu hawasalimiani!"

Akasema, "Na letu kubwa, mwanangu. Tumejaa pomoni na tunasalimiana."

Nikamjibu, "Ndiyo maana hatuendelei!"

Nimemwambia hivyo mama yangu, shoga! Mama yangu!



Sasa hivi tumeshuka tena. Yule mzee jirani, ambaye hajawahi hata kunitazama, akatabasamu na kumsalimia yeye.

Mama hakuitikia. Alinigeukia mimi kwanza, kama mtoto anayeomba ruhusa.