Picha ya Muguka

Ijumaa, 3 Januari
Simu imejaa tena. Ni ya Mama, lakini mimi ndiye ninayeijaza, kwa hivyo mimi ndiye wa kufuta. Nimefuta picha za mbuzi. Nimefuta za kufunga shule zilizotoka giza. Za Mukami sijagusa. Tunakaa dawati moja tangu kidato cha kwanza. Ni yeye tu ninayeongea naye bila kutafuta maneno kwanza.

Ile ya muguka nimeitazama sana. Mimi na Mama tunachuma, nacheka mdomo wazi. Mimi! Mukami ndiye aliyetupiga picha, alipokuja Krismasi kutusaidia. Alijitumia, akaapa itabaki kwake. Kanisani kwetu kutafuna muguka, majani ya kulevya kama miraa, ni dhambi, kuipanda pia, na Mama ndiye anayeongoza maombi ya akina mama. Nusu ya waumini wanaipanda. Wanunuzi wa soko la Ishiara wanayajua mashamba yao. Hakuna anayesema.

Jumapili, 5 Januari
Mukami ameiweka ile picha kwenye status. Ameandika, "Maombi yakiendelea," na vikatuni vya kucheka.

Nje ya kanisa mama mmoja aliuliza kwa sauti, "Mama Wawira, leo hujatuletea majani?" Wakacheka. Mukami alikuwa hapo. Aliangalia viatu vyake.

Jumatatu, 6 Januari
Nilimwandikia. Akajibu, "Ilikuwa utani tu, Wawi. Mbona unapaniki?"

Nimefuta picha zake zote. Ya mvua. Ya sare zilizoandikwa majina. Ile tumelala kwenye nyasi. Nilidhani nitasikia nafuu. Sikusikia kitu. Namchukia. Nimebakisha ya muguka tu, kwa sababu Mama yumo.

Jumatano, 8 Januari
Wazee wa kanisa walikuja. Mama amesimamishwa kuongoza maombi, na kanisani aketi nyuma. Aliyetangaza ni baba yake Mukami. Mama aliwapa chai. Wakanywa.

Walipoenda nikafungua ile picha niifute. Nikaona kivuli. Kipo chini, kinagusa miguu yetu. Cha mpiga picha. Tumbo limefura kama la mjamzito. Ni leso ya Mukami, aliyojifunga kiunoni, imejaa muguka. Siku ile alichuma kutushinda. Watu wote wameitazama picha hii na hakuna aliyetazama chini.

Naweza kuituma kwa kikundi cha kanisa. Nikizungushie kivuli duara jekundu tu.

Alhamisi, 9 Januari
Nilimwonyesha Mama. Nikamuuliza, niitume?

"Halafu mama yake Mukami naye aketi nyuma?" akasema. Akanirudishia simu. "Na usiifute, mami. Umecheka vizuri hapo."

Sikuituma. Bado nina hasira.

Jumapili, 12 Januari
Mama aliketi benchi ya nyuma. Nikaketi naye. Mbele mtu mwingine aliomba, kwa sauti ndogo. Mukami aligeuka mara moja, akatutazama. Sikumpungia.

Simu ina nafasi sasa. Nilijaribu kukikata kile kivuli. Kilikuwa kinatoka na miguu ya Mama. Nimeiacha ilivyo.