Mama, Wanataka Tumpeleke Lina Kreta

Mama,

Najua ungeniuliza kwanza kama ng'ombe wako amekamuliwa, ndipo usikilize mengine. Amekamuliwa. Kaka anamtunza vizuri huko Endabash, ingawa maziwa anayotuletea hapa mjini siku hizi ni mepesi, na mimi nina mawazo yangu kuhusu hilo. Ndiyo, nimekuwa kama wewe. Juzi sokoni nilijikuta nafukua gunia la maharage ya ngwara mpaka chini kwa sababu yale ya juu yalikuwa mazuri mno. Yule mama muuzaji akanitazama, akasema, "Wewe kweli ni mtoto wa Paskalina." Nilifurahi siku nzima.

Lakini sikuandikii habari za ngwara. Wajina wako aliumwa, Mama. Lina wangu. Ulimwacha akijifunza kusema jina lake, ambalo ndilo jina lako, na sasa yuko darasa la kwanza, meno ya mbele yameng'oka na maneno yanamtoka kama upepo. Masika haya alipata mafua, nikampaka mafuta, nikamfunika, nikasema yataisha. Hayakuisha. Asubuhi moja nikaona mbavu zake zinaingia ndani kila anapovuta hewa, nikambeba mgongoni nikakimbia naye hospitali bila viatu. Wakasema nimonia. Wakamwekea mrija puani, na mimi nikakaa pale pembeni ya kitanda nikihesabu pumzi zake, nikipotea, naanza tena.

Nilikuita. Sijui kama ulisikia. Nilikwambia usithubutu kumchukua, ati kwa sababu ni wajina wako. Kama ulikuwa umeshanyoosha mkono, asante kwa kuurudisha.

Alipona. Au ndivyo walivyosema, na hapo ndipo shida yangu ilipoanzia. Siku ya kuruhusiwa, daktari alimwita Fabiano kwenye korido wakati mimi namnywesha mtoto uji. Fabiano akarudi, akasema, "Amesema amepona." Halafu Fabiano alipokwenda kutafuta gari, daktari huyohuyo akaja kitandani akaniambia mimi, "Mama, mtoto amepona, aendelee na maisha yake." Sasa wewe niambie. Kama neno ni moja, kwa nini useme mara mbili, kwa watu wawili, mahali pawili? Nikamtazama mkweo usoni njia nzima. Alikuwa anatazama dirishani.

Nikaanza kuangalia.

Fabiano bado anaendesha watalii, Mama, na unajua jinsi alivyo. Tangu anioe hajawahi kutupeleka popote. Ukimwambia twende matembezi anasema mpishi wa hoteli akirudi nyumbani hataki kuona sufuria. Lina amezaliwa hapa Karatu, magari ya wageni yanampita kila asubuhi yakipanda kwenda getini, na kreta yenyewe, lile shimo kubwa la wanyama, hajaiona. Kila siku anamuuliza baba yake, na kila siku anajibiwa kwamba simba hawana haraka, watamsubiri. Basi siku moja tunakula, huyo mtu anaweka kijiko chini, anasema kwa upole, "Likizo hii tumpeleke Lina kreta. Tushuke mpaka chini, tulale kule juu, sisi watatu. Hata mara moja tu."

Hata mara moja tu!

Halafu bosi wake. Yule bosi anayegomba hata maji ya kuoshea gari yakimwagika, ametoa landkruza bure, tuweke mafuta tu, kwa kuwa wageni bado hawajajaa. Nikampigia wifi yangu, dada yake Fabiano, mwanamke ambaye hajawahi kukubaliana nami hata kuhusu chumvi. Nikamwambia naogopa baridi ya kule juu, ukungu wa mwezi wa sita si mchezo, na mtoto ametoka kuumwa kifua. Nilitegemea aniambie sijui kulea. Akasema, "Nendeni tu, wifi yangu, mkafurahi na mtoto." Wifi yangu! Nilikata simu nikakaa kwenye ndoo.

Maana mimi najua safari za namna hiyo. Fabiano mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Aliwahi kuniambia kwamba kati ya wageni wote kuna wale wanaokuja kuaga. Mmoja wao ni mgonjwa, na wengine wamemleta aone tembo kabla. Hakuna anayewaambia madereva, lakini wanajua, kwa sababu ndani ya gari hilo hakuna anayegombania dirisha. Mgonjwa akitaka kusimama wanasimama, akitaka kurudi wanarudi, wote wanatabasamu. Na madereva wana desturi yao kwa watu hao. Wageni wengine wote wanaambiwa "karibuni tena". Hao wanashikwa mkono, wanaambiwa "asanteni kwa kuja", basi.

Na hata kama Fabiano asingeniambia, wewe ulinifundisha. Unakumbuka tulipokupeleka Oldeani? Kaka alikodi gari, tukasema tunataka uone tena yale mashamba ya kahawa ulikochuma ukiwa msichana. Barabara ilikutikisa mpaka ukafunga macho. Ukasema kahawa ya zamani ilikuwa na matunda makubwa zaidi, sote tukasema ndiyo Mama. Ukasema tugeuze, tukageuza. Ukasema hapana, twende, tukaenda. Ndipo ukatuangalia mmoja mmoja na macho yako yale ya kukagua maziwa, ukasema, "Mbona siku hizi hakuna anayenibishia?"

Kaka akapangusa kioo cha dirisha. Ukasema, "Haya. Nimeelewa." Ukaomba maji.

Kwa hiyo nilipomwambia Fabiano kwamba siendi, kwamba sitampeleka mtoto wa nimonia kwenye ukungu, nilikaa nikisubiri tugombane. Nilihitaji tugombane. Akasema, "Sawa, Mama Lina. Utakavyo wewe." Nilitoka nje nikashika nguzo ya banda. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi huu haukuwa ung'ongo, huyu alikuwa nyoka mwenyewe, na kichwa chake nakiona.

Siku zilizofuata nilimpeleleza kama askari. Nilimtega. Nikamwambia, mwakani Lina akifika darasa la pili tumnunulie begi jipya, hili limechanika. Akainuka akaenda kutazama kuku. Nikamwambia akikua atakuwa mrefu kama shangazi yake. Akakohoa. Nilimwona akimbeba Lina begani kwenda dukani, yeye anayesema mtoto mwenye miguu miwili hana haja ya miguu ya mtu mwingine. Akamnunulia soda kabla ya chakula. Lina mwenyewe alianza kuwa na mashaka, aliniuliza kama baba amepata mshahara.

Na mimi moyo wangu, Mama, ulikuwa umeshaanza kuchimba kaburi. Nilikuwa nalala namgusa mgongoni kusikia kama unapanda na kushuka.

Jumamosi mchana Fabiano alikuwa anaosha gari uani. Lina alikuwa ndani. Nilikwenda nikasimama mbele yake, nikamwambia aache hilo gari, aniambie neno alilopewa na daktari kwenye korido. Nikamwambia mimi ndiye niliyembeba mgongoni, na nitalibeba na hilo.

Kitambaa kilimdondoka. Akanitazama kama mtu aliyepigwa kofi, akasema, "Neno gani? Si wewe ndiye uliyeambiwa kitandani?"

Nikamwambia asinichezee. Akasema yeye ndiye anayechezewa. Halafu akaanza kunihesabia kwa vidole vyenye povu. Akasema tangu tutoke hospitali hajanisikia nikimgombeza yule mtoto hata mara moja. Amemwaga uji, sikusema. Amekataa kuchota maji, nikachota mwenyewe. Nimechinja tetea, tena yule anayetaga, kwa ajili ya supu, na bado nikamtazama akiacha mnofu. Na blanketi lako, Mama, lile jekundu la kujifunika mabegani, ambalo tangu uondoke sijaruhusu mtu hata kulikunja, nimempa Lina ajengee nyumba ya mwanasesere.

Akasema, "Nilipoona blanketi la mama yako liko chini kwenye vumbi na wewe unatabasamu, nikajua umeambiwa kitu. Nikasema sikulazimishi. Lakini mtoto aione kreta."

Aliwaambia na bosi wake, na dada yake. Ndiyo maana ya gari la bure, ndiyo maana ya "wifi yangu". Wote walikuwa wananihurumia kwa siri niliyokuwa naitafuta kwake.

Sijui nilicheka au nililia. Tulikaa kwenye tope la sabuni kama wajinga wawili. Mimi namwona mtoto anakufa kwenye uso wake, yeye anamwona anakufa kwenye uso wangu, na mtoto mwenyewe yuko ndani anaimba.

Lakini wewe unanijua. Sikutulia hapo. Nilianza kufikiri, labda daktari ametuficha sote wawili. Jumatatu nikamshika Fabiano mkono tukarudi hospitali na Lina, tukaingia pamoja, tukasimama mbele ya daktari masikio manne. Nikamwambia sasa aseme mara moja tu, tusikie wote. Alitutazama, akampima Lina tena mgongoni na kifuani, akamwambia avute hewa, aachie, avute. Akasema mapafu ni masafi. Nikamuuliza kuhusu baridi ya kreta. Akasema mvalisheni sweta. Nikamuuliza kama ana uhakika. Fabiano akanikanyaga mguu.

Tulipokuwa tunatoka niliuliza tena kidogo mlangoni. Basi tu.

Sasa ikabaki safari yenyewe. Fabiano aliona tuiache, kwa sababu ilizaliwa vibaya, safari ya kuaga haimfai mtu mwenye afya. Na mimi ambaye nilikuwa nimeikataa, Mama, nikajikuta nasema tutakwenda. Nilisema tukiiacha ndipo tutakuwa tumeiamini. Lakini nikaweka masharti yangu. Tutakwenda kama watu wa karibuni tena. Lina atabeba begi lake mwenyewe. Dirisha tutagombania. Akitaka kusimama kwa kila pundamilia, ataambiwa hapana. Na tusizunguke kreta yote, hata kama muda upo. Tuache upande mmoja bila kuuona, ili awepo mtu wa kuulilia mwakani.

Fabiano alinibishia. Alisema upande huo ninaotaka kuuacha ndio wa viboko, na mimi sijui kitu kuhusu kreta. Tukagombana mpaka chai ikapoa. Sijawahi kumpenda kama jioni ile.

Leo mchana nimepanga nguo, maana tunaondoka kesho. Nimelichukua blanketi lako, nikalipiga vumbi, nikalikunja, nikalirudisha kabatini. Lina akaja akasema analitaka, ataliweka kwenye gari, alishapewa. Nikamwambia hapana. Akasema lakini ulinipa. Nilikuwa karibu kufungua kabati. Nikajikaza, nikasema kwa sauti yako ile ya uani, "Lina! Nimesema hapana. Hilo ni la bibi yako. Nenda kavae sweta, na lile bakuli uliloliacha mlangoni nikilikuta tena tutaonana!"

Hajasikia sauti hiyo tangu masika. Halafu akafungua mdomo wenye mapengo akalia. Alilia, Mama, alilia mpaka jirani akachungulia. Mimi nilisimama nyuma ya mlango nikisikiliza. Alivuta hewa ndefu mpaka chini kabisa, akaitoa yote kwa kelele moja, akavuta nyingine. Hakukohoa. Nilisubiri. Hakukohoa hata kidogo. Nilikaa chini pale nyuma ya mlango nikafunika uso na kanga, na yeye akaendelea kulia na kunilaumu, na sikutaka anyamaze.

Sasa anaosha bakuli. Anagongesha kwa makusudi ili nisikie. Amenuna kabisa kama wewe.

Nikirudi nitapitia Endabash, nipalilie pale kando yako, nikwambie kama simba walimsubiri. Na hiyo siku ya Oldeani, ningekubishia. Ningekwambia kahawa ni ileile, macho yako ndiyo yamechoka, na ungenichapa na ile fimbo yako tukacheka. Sitaweza tena. Lakini huyu mwenye jina lako nakuahidi atabishiwa. Nitambishia kesho kwenye ukungu, nitambishia akiwa msichana, nitambishia siku ya harusi yake, na akizeeka akamkuta mtu wa kumwambia ndiyo Mama kwa kila kitu, sitakuwepo kuona.

Lala salama, Mama. Naenda kumkagulia hilo bakuli, maana sidhani kama ametumia sabuni.

Mwanao, Mama Lina